Maswali Yenu: Kuwaandaa Watu Wazima Wanaowapeleka Watoto Pwani

Assalaam alaykum. Madrasa yetu ya Konde inataka kuwapeleka watoto 40, wa miaka 9 hadi 14, ufukwe wa Vumawimbi kwa siku moja. Wazazi sita wamejitolea kusimamia. Je, wanahitaji mafunzo, au kikao kifupi kinatosha? (Ustadh, Konde)

Waalaykum salaam, Ustadh. Kikao hakitoshi. Kulea watoto watatu nyumbani ni kazi moja, kuchunga arobaini kando ya bahari ni kazi nyingine kabisa. Wapeni siku mbili: moja barazani, ya pili Vumawimbi penyewe, bila watoto.

Kwanza idadi. Kwa umri huo tunashauri mtu mzima mmoja kwa watoto wanane nchi kavu, na mmoja kwa wanne majini. Zaidi ya hao, awepo mmoja anayesimama ufukweni kuangalia maji tu: hashiki simu, hagawi chakula, na anapokewa kila baada ya dakika 20. Pigeni hesabu. Akitengwa mwangalizi, watano waliobaki wanawatosha watoto 40 nchi kavu tu, hapaingii mtoto majini. Mkitaka waogelee, tafuteni wawili zaidi. Hapo wanne wataingia majini na watoto 16, watatu watabaki juu na 24, wa nane ataangalia. Halafu mnabadilishana zamu.

Barazani fundisheni kuhesabu. Hesabu ya jicho inadanganya kwa sababu watoto hawatulii. Kila mtoto apewe namba yake tangu madrasa na aitaje mwenyewe: kabla ya kupanda gari, wakishuka, kabla ya kuingia majini, wakitoka, kabla ya kuondoka. Mwenzake asimwitikie. Jaribuni kwa watu wazima wenyewe: waigize watoto, mmoja ajifiche kimyakimya, muone inachukua muda gani kugundulika. Zoezi hili linawafumbua macho kuliko maelezo ya saa nzima.

Ufukweni fundisheni kuokoa bila kuingia majini. Chukueni dumu tupu la lita 5, tieni maji kidogo ndani ili lirushike, fungeni kifuniko sawasawa, kisha lifungeni kamba ya mita 15. Kila mmoja arushe mpaka aweze kulifikisha mkononi mwa mtu aliye mita 10. Makosa yanayotokea sana ni matatu: kamba ina mafundo, mrushaji ameikanyaga, au ameingia majini mpaka kifuani na sasa anavutwa yeye. Waelezeni pia kwamba mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo uko usawa wa maji, na anaweza kutoweka ndani ya dakika moja. Anayesubiri kuitwa atachelewa.

Kumhudumia mtoto aliyetolewa majini hapumui kunahitaji mkufunzi wa huduma ya kwanza. Ulizeni Chama cha Msalaba Mwekundu. Mpangilio wenyewe ni pumzi tano kwanza, kisha kukandamiza kifua mara 30 na pumzi mbili, bila kukatiza, mpaka msaada ufike. Kwa aliyezama, pumzi ndizo za mwanzo.

Tuko Jambiani. Vijana wetu wanataka kutembea kwenye maji makavu (bahari ikiwa imekupwa) hadi karibu na mwamba kuangalia viumbe vya bahari. Waliojitolea wote ni wazaliwa wa hapa, wanasema bahari wanaijua. Tuwafundishe nini zaidi? (Bi. Mwenyekiti, Jambiani)

Bi. Mwenyekiti, ujuzi wao ni mtaji mkubwa, msiudharau. Lakini wanajua mwendo wao wenyewe, si mwendo wa mtoto wa miaka kumi anayesimama kwenye kila kidimbwi. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu au mwandamo, bahari inapokupwa na kujaa sana) maji hukauka kabisa kiasi cha saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Kujaa huchukua kama saa sita, lakini si kwa kasi moja. Tukishika mita 4, saa ya kwanza maji hupanda kama sentimita 33, ya pili 67, ya tatu na ya nne mita nzima kila moja. Saa ya kwanza ndiyo inayowadanganya watu: wanaona maji yametulia, wanaendelea kuokota kombe. Isitoshe, maji huingia kwanza kwenye mikondo na sehemu za chini. Kundi linaweza kuwa limesimama juu ya fungu kavu huku njia ya kurudi imeshafika kiunoni.

Kwa hiyo: tokeni saa mbili kabla ya kupwa, geukeni nusu saa kabla ya kupwa, hata kama hamjafika mwambani. Saa ya kugeuka iandikwe na iachwe kwa mtu aliye nchi kavu, naye ajue amwite nani mkichelewa kuonekana. Kabla ya siku hiyo, waliojitolea waipite njia nzima kwa mwendo wa mtoto, wapime muda, kisha waongeze nusu yake. Mmoja atangulie bila kupitwa, mwingine awe wa mwisho na mfuko wa dawa. Yeyote kati yao akisema turudi, mnarudi, bila kupiga kura.

Kila mtoto avae viatu vya kufunga, si ndara, na aburure miguu kwenye mchanga ili taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) ashituke aondoke.

Mtoto akichomwa na taa tufanye nini? (Msomaji, Makunduchi)

Bebeni chupa ya chai yenye maji ya moto. Changanyeni na ya baridi mpaka mtu mzima aweze kuyavumilia kwa mkono wake, yasizidi nyuzi 45, kisha mguu uzame humo dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Mwiba uliozama sana, hasa wa kifuani au tumboni, msiung'oe, mpelekeni hospitali. Hata kidonda kidogo cha taa kionwe na daktari, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani.

Mwenzetu amekasirika kuambiwa asimpeleke mtoto msalani peke yake. Anaona tunamshuku. (Kiongozi wa skauti, Wete)

Mwambieni kanuni ni ya wote, pamoja na kiongozi mwenyewe. Watu wazima wawili, au mtu mzima mmoja na watoto wawili, mlango wa nje wazi. Kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kijana wa miaka 16 naye yumo. Asiyeikubali kanuni hii abaki kusaidia kupika na kubeba maji, asipewe kundi la watoto.