Maswali ya Wasomaji: Usiku wa Rege na Zouk Mtwara

SWALI: Nina duka dogo hapa Shangani, Mtwara, na akiba ya shilingi 4,000,000. Nataka kuanzisha biashara ya usiku wa muziki wa Karibiani: rege, zouk, raga, soca. Nianze na tamasha la msanii kutoka Dar? Halafu kila ukumbi ninaokwenda naulizwa mwenye shughuli yuko wapi, kana kwamba nimetumwa.

JIBU: Dada, tamasha la msanii liache kwanza. Msanii wa Dar anakuja na nauli, malazi na watu wake, na malipo ya awali anayataka kabla hujauza tiketi hata moja. Mvua ikinyesha siku hiyo, akiba yote imekwenda. Rege yenyewe ilikua kwa njia nyingine: Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1950, watu walilipa kiingilio wacheze mbele ya rundo la spika, na mchagua sahani ndiye aliyekuwa nyota. Wewe anza hivyo hivyo, na DJ mmoja anayeijua rege, mshereheshaji mmoja na mziki mnene, yaani spika na vyombo vya sauti vyenye nguvu.

Kila usiku utengee 1,200,000: ukumbi, kukodi mziki, DJ, mshereheshaji, walinzi, vibali, matangazo. Usiku tatu ni 3,600,000, na 400,000 inabaki ya dharura. Kwa kiingilio cha 7,000, gharama inarudi ukipata watu 172. Ukishusha hadi 5,000 unahitaji 240, na kwa ukumbi wa watu 300 huo ni mzigo kwa usiku wa kwanza. Mapato ya vinywaji usiyaingize kwenye hesabu, maana mara nyingi baa ni ya mwenye ukumbi.

Fedha hupotelea getini. Tiketi ziwe na namba za mfululizo, na anayeuza asiwe yule anayechana. Kila saa linganisha vishina na fedha iliyopo. Lipa namba iwe ya biashara, si ya simu ya kijana wa mlangoni. Orodha ya waalikwa ifunge mchana. Usiku ukianza, shemeji na rafiki wote wanakata tiketi.

Kuhusu wanaomtafuta "mwenye shughuli": nenda na TIN na leseni ya biashara yenye jina lako, na mkataba uliouandika mwenyewe wa tarehe, saa, malipo ya awali na nani anagharamia umeme ukikatika. Usimtangulize kaka wala mume hata kama inaharakisha mambo. Mara ya pili watampigia yeye, na tarehe utaisikia kwake. Vibali anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, kisha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na polisi. Ruhusa ya hakimiliki ya kupiga muziki ulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Programu ya muziki unayolipia kwenye simu ni ya kusikiliza mwenyewe. Haikupi ruhusa ya kupiga ukumbini.

Tarehe zichague kwa kuitazama Mtwara. Ramadhani isiguswe. Tarehe 6 Februari, aliyozaliwa Bob Marley mwaka 1945, inavutia, lakini huku ni katikati ya mvua, kwa hiyo lazima uwe chini ya paa. Tarehe 11 Mei, aliyofariki mwaka 1981, mara nyingi anga limeshatulia. Shughuli kubwa isubiri msimu wa korosho, malipo ya minada yakishaingia. Hapo kiingilio cha 10,000 hakina malalamiko.

Na DJ mkubaliane mapema: singeli hapana. Akiipachika saa tano usiku, waliokuja kwa rege wanakaa chini na hawainuki tena. Aanze na rege ya mapigo 70 hadi 80 kwa dakika, aje zouk ya Guadeloupe na Martinique (wenye ndugu Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, wataisikia kama pasada ya huko), kisha raga ya mapigo 100 hivi. Soca ya Trinidad ni ya mwisho. Rege ya 80 na soca ya 160 zinaungana vizuri, kwa sababu moja ni mara mbili kamili ya nyingine.

SWALI: Nikifunga mziki ufukweni hapa Lindi, besi inapotea na taa zinafifia kila besi inapogonga. Jenereta ni ya kVA 10.

JIBU: Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza karibu desibeli 6. Spika za besi zipange chini, katikati, zigusane. Usizigawe kushoto na kulia. Zikatie hezi 80 hadi 100, yaani zisipige sauti za juu ya hapo, na spika za juu zisipokee chini ya hapo. Kabla watu hawajafika, washa moja, kisha ongeza ya pili. Besi ikipungua, ujue chanya na hasi zimepishana kwenye spika moja.

Jenereta ya kVA 10 ni kama kilowati 8 tu. Mzigo wako usizidi kilowati 6, kwa sababu besi huvuta kwa mshtuko. Friji na taa zipate waya wake. Waya wa milimita za mraba 2.5 wenye urefu wa mita 50, ukipitisha ampea 20, unameza karibu volti 18. Wa milimita za mraba 6 unameza kama volti 7. Fimbo ya eathi izamishe kwenye udongo wenye unyevu, si mchanga mkavu.