Jibu: Kwa nini sikukuu ya somo si siku aliyozaliwa?

Mama Karoli, umeuliza kwa nini somo wa kijana wako, yaani mtakatifu mwenye jina lake, Karoli Lwanga, anaadhimishwa tarehe 3 Juni. Ndiyo siku aliyokufa. Kanisa huihesabu siku ya kifo kuwa siku ya kuzaliwa mbinguni. Karoli Lwanga alichomwa moto Namugongo, Uganda, 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Wenzake katika wale Mashahidi 22 wa Uganda hawakufa wote siku hiyo. Yosefu Mukasa aliuawa Novemba 1885, ila wanakumbukwa pamoja. Yohane Mbatizaji ana zote mbili: kuzaliwa 24 Juni, kukatwa kichwa 29 Agosti. Hapa Eastlands, Nairobi, wanajumuiya wetu hupanda basi la usiku kwenda Namugongo, vibuyu vya maji mapajani. Mpeleke kijana, ila blanketi msisahau!