Kama nishati imekwisha, kwa nini maiti hukakamaa badala ya kulegea?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Darasani tumefundishwa kwamba msuli hukaza kwa kutumia ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Juzi, katika mafunzo ya vitendo, nilisaidia kuuandaa mwili wa mzee aliyekuwa amefariki kiasi cha saa tano kabla. Taya lilikuwa limeshakaza na shingo ni ngumu, ingawa miguu ilikuwa bado inakunjika. Kama ATP huisha mtu akifa, misuli si ilipaswa kulegea? Jambo la pili, kitabu kinasema msuli hufupika lakini nyuzi zake hazifupiki. Hilo linawezekanaje? Na kubanwa na kigimbi usiku, je, ni jambo hilohilo?

JIBU: Marahaba. Hilo swali la kwanza huwa nawauliza wanafunzi wangu katika mtihani wa mdomo, na wengi huanguka papo hapo. Siwalaumu. Sisi walimu ndio tunaowapa ile sentensi fupi, "ATP hukaza msuli", tukaiacha hivyo. Sentensi hiyo ina nusu ya habari. Nusu iliyobaki ni kwamba msuli unahitaji ATP ili uachie, na ukiielewa hiyo, maiti ya yule mzee haitakushangaza tena. Lakini niruhusu nianze na swali lako la pili, kwa sababu la kwanza limekalia juu yake.

Ukiupasua msuli wa mifupa utakuta matita yaliyofungwa kwa utando, na ndani ya kila tita kuna seli ndefu zilizolala sambamba. Seli hizi ni za ajabu kidogo. Upana wake ni maikromita 10 hadi 100 tu (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini urefu unaweza kufikia sentimita nyingi, na kila moja ina viini vingi kwa kuwa ilitokana na seli kadhaa changa zilizoungana. Ndani ya seli kumejaa vijiti vyembamba sana, mamia kwa maelfu, na kila kijiti kimegawanyika vipande vipande kama mabehewa ya treni. Behewa moja ndilo linaloitwa sarkomia. Msuli ukiwa umetulia, sarkomia ina urefu wa maikromita 2 hadi 2.5 hivi. Hapo ndipo kazi yote inapofanyika. Vingine vyote katika msuli vipo kwa ajili ya kuilisha sarkomia, kuiamrisha, au kuifikisha nguvu yake kwenye kano na mfupa.

Sasa chukua vitana viwili, uvielekeze meno kwa meno, uvisukume viingiliane. Umbali kati ya migongo ya vitana umepungua, lakini hakuna jino hata moja lililofupika. Ndivyo sarkomia inavyofanya. Katika kila mwisho wake kuna ukuta, unaoitwa diski Z, na kutoka kwenye ukuta huo nyuzi nyembamba za aktini huelekea katikati. Katikati zimekaa nyuzi nene za mayosini. Nyuzi nene huzivuta nyembamba kutoka pande zote mbili, kuta mbili zikasogeleana, na sarkomia ikawa fupi. Kitabu chako kimesema kweli.

Wazo hili lilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili tofauti, katika toleo moja la jarida la Nature: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande wa pili. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, ingawa watu huwachanganya mpaka leo.) Ushahidi wao ulikuwa rahisi kuuona. Chini ya hadubini, msuli una mistari ya giza na ya mwanga inayopokezana. Msuli ukifupika, mstari wa giza, yaani eneo la nyuzi nene, hubaki na upana uleule. Wa mwanga ndio unaobanwa. Kama nyuzi nene zingekuwa zinajikunja, mstari wa giza nao ungepungua.

Piga hesabu kidogo uone namna jambo dogo linavyokuwa kubwa. Seli ya msuli yenye urefu wa sentimita 10 ina sarkomia kama 40,000 kwa mstari mmoja. Kila moja ikifupika kwa nusu maikromita tu, umbali usioonekana kwa macho, seli nzima imefupika kwa sentimita 2. Hiyo inatosha kabisa kuukunja mkono.

Nani basi anayevuta? Unyuzi mnene mmoja ni fungu la molekuli za mayosini zipatazo 300, na kila molekuli ina vichwa viwili vinavyochomoza pembeni kuielekea aktini. Soma sehemu hii polepole, maana jibu lako la kwanza limo humu.

Anza na kichwa ambacho hakijabeba kitu. Kichwa kitupu kimeng'ang'ania aktini, na hakiachii. Hiyo ndiyo hali yake ya asili. ATP ikija ikakaa juu yake, umbo lake hubadilika kidogo na mshiko hulegea, kichwa kimeachia. Angalia vizuri: ATP bado haijavunjwa, imekaa tu, na kazi yake ya kwanza imekuwa kuachisha. Baada ya hapo ndipo kichwa kinaivunja kuwa ADP na fosfeti, na nishati inayotoka hukiinua kichwa kikakaa tayari, kama mtego wa panya uliotegwa. Mtego huo haujafyatuka. Kichwa kinapoigusa aktini sehemu ya mbele zaidi, fosfeti hutoka, mtego unafyatuka, kichwa kinapinda na kuisogeza aktini kwa nanomita 5 hadi 10 hivi. ADP nayo hutoka. Tumerudi tulikoanzia: kichwa kitupu, kimeng'ang'ania, kinasubiri ATP nyingine ije ikiachishe.

Vichwa havivuti kwa mkupuo mmoja kama makasia ya mashua. Vinapokezana, kama watu wanaovuta kamba kwa kubadilisha mikono: huyu anaachia ashike mbele, wenzake wanaishikilia kamba isirudi nyuma. Wote wakiachia kwa pamoja, mzigo unakwenda zake.

Utaniuliza, kama vichwa vina njaa hivyo ya kushika, kwa nini sasa hivi mkono wako umelegea? Kwa sababu aktini imefunikwa. Juu yake umelala uzi wa protini iitwayo tropomayosini, unaoziba mahali pa kushikia, na uzi huo unaongozwa na protini nyingine, troponini. Amri ya neva ikifika, asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, humwagwa kwenye kiungo cha neva na msuli, mkondo wa umeme hutambaa juu ya utando wa seli na kuzama ndani kupitia vijifereji, na ghala la kalsiamu lililozunguka vijiti hufunguka. Kiasi cha ayoni za kalsiamu zilizo huru ndani ya seli hupanda mara kumi au zaidi katika muda wa milisekunde chache. Kalsiamu huishika troponini, troponini huvuta tropomayosini kando, na vichwa vinapata pa kushika. Neva ikinyamaza, pampu huirudisha kalsiamu ghalani. Pampu hizo nazo hula ATP: molekuli moja kwa kila ayoni mbili zinazorudishwa.

Kwa hiyo kulegea kwa msuli kunagharimu ATP mahali pawili. Pampu zinailipa ili mlango wa aktini ufungwe, na kila kichwa kinailipa ili kiachie. Watu hudhani kulegea ni bure, kama kuweka mzigo chini. Kwa msuli ulio hai, kubaki laini ni kazi inayofanywa kila dakika.

Turudi kwa marehemu. Moyo ukisimama, oksijeni haifiki na mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, zinazimika. Lakini ATP haiishi saa hiyohiyo. Msuli una akiba ya kreatini fosfeti, kemikali inayotengeneza ATP upya haraka lakini haidumu, halafu una glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, inayoweza kuvunjwa bila oksijeni na kutoa ATP kidogo, huku tindikali ya laktiki ikirundikana. Ndiyo maana saa chache za mwanzo mwili huwa umelegea kabisa. Matarajio yako yalikuwa sahihi, ila kwa kipindi hicho tu. Akiba inapokaribia kwisha, pampu zinashindwa, kalsiamu inavuja kutoka ghalani, aktini inafunuliwa, vichwa vinashika. Na sasa hakuna ATP ya kuviachisha. Mabilioni ya vichwa yamebaki yameshika, na msuli umekuwa kama kitu kilichogandishwa kwa gundi.

Kwa kawaida ugumu huanza kuonekana kati ya saa 2 na 6 baada ya kifo, na huenea mwili mzima kufikia kama saa 12. Ulichokiona wewe ndicho kinachotarajiwa. Mabadiliko hutokea katika misuli yote, lakini hujionyesha mapema kwenye ile midogo ya kope, taya na shingo, huku mapaja yakichelewa. Joto huharakisha mambo, baridi huchelewesha, na aliyefariki akiwa katika kukurukakara nzito hukakamaa mapema kwa sababu misuli yake ilikwisha kula akiba. Nikuongezee jambo la kazi yako: ugumu huu haumkunji mtu kwa namna ya kuonekana, humgandisha katika mkao aliokuwa nao. Wauguzi wakongwe wanaokuharakisha kufunga macho na mdomo wa marehemu na kunyoosha viungo wanajua saa zinavyokwenda.

Kisha, baada ya siku moja au mbili, mara nyingine zaidi kukiwa na baridi, ugumu huondoka. Usije ukaandika kwenye mtihani kwamba vichwa vimeachia. Havijaachia. Vimeng'enya vya seli yenyewe vimeanza kuzitafuna protini, nyuzi zinakatika kwenye nanga zake, na kilichokuwa kimeshikana hakina tena pa kujishikiza.

Kuhusu kubanwa na kigimbi: hapana, si jambo hilohilo, ingawa kwa mguso vinafanana. Ukiweka elektrodi kwenye msuli uliobana utasikia kelele nyingi za umeme. Neva zinaupiga kwa kasi kubwa, nao unatii. Msuli wa maiti uko kimya kabisa. Katika kubanwa, ATP ipo tele na vichwa vinaendelea kushika na kuachia, ila amri ya kukaza haikomi. Ndiyo sababu dawa yake ni kukiambia chanzo cha amri kitulie: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko, subiri. Kunyoosha kunaamsha vipokezi ndani ya kano ambavyo hutuma ujumbe wa kuzuia kwenye uti wa mgongo, neva zinapunguza kelele, na kigimbi kinalegea chini ya kiganja chako. Kigimbi cha maiti iliyokakamaa ukikivuta hivyo, utakachofanya ni kuzichana nyuzi. Kiungo kitakunjika, na ugumu ukishavunjwa kwa nguvu ukiwa umekamilika, haurudi tena.