Nimshushie bei mnunuzi wa Dubai?

SWALI: Shikamoo mama. Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Newala. Tuko wanawake 14 na msimu ukiwa mzuri tunabangua kilo 300 za ghafi kwa siku. Mnunuzi mmoja wa Dubai ameonja sampuli yangu akaipenda. Anataka kontena la futi 20, daraja la W320 tupu, kwa bei inayonitia hasara ya shilingi 1,500 kila kilo. Anasema Vietnam wanampa bei hiyohiyo. Benki nayo iko tayari kunikopesha mashine ya kubangulia, nikiweka nyumba dhamana. Nichukue mkopo nishushe bei, au nimwache aende zake?
Mbanguaji, Newala

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimekaa miaka tisa kwenye meza ya kupanga madaraja Mtwara, kwa hiyo barua yako imenigusa. Tuanze na hesabu, maana huyo mnunuzi amekutajia kontena kana kwamba ni gunia.

Kontena la futi 20 linabeba kama maboksi 700 ya pauni 50, karibu tani 16 za korosho iliyobanguliwa. Kilo 100 za ghafi zinakupa kilo 22 hivi. Kwa kilo zako 300, unatoa kilo 66 kwa siku. Tani 16 ni siku 240 za kazi, na hapo nimehesabu kila kinachotoka mezani: nzima, vipande, na zilizoungua. Yeye anataka W320 peke yake, zile nzima zinazotimia punje 300 hadi 320 kwa pauni. Hata theluthi nzima ya korosho yako ikiwa ya daraja hilo, utabangua zaidi ya miaka miwili kumjazia kontena moja, tena kwa hasara.

Vietnam wanaiweza bei hiyo kwa sababu viwanda vyao havilali. Ghafi ya Afrika Magharibi huanza kuvunwa kama Februari, yetu inaingia Oktoba hadi Desemba na kuwazibia pengo. Korosho ya jirani yako inapanda meli bandarini Mtwara, inabanguliwa kule, kisha inauzwa kwa mnunuzi huyohuyo wa Dubai. Mashine inayozunguka mwaka mzima inajilipa. Yako itazunguka miezi michache, halafu itafunikwa turubai huku rejesho la benki likidaiwa kila mwezi. Mashine haiongezi ghafi, mwanangu. Mnada wa korosho ghafi ukichangamka Novemba, mwenye fedha mkononi ndiye anayeondoka na mzigo. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, miaka ya 1990 walishauriwa na Benki ya Dunia wapunguze ushuru wa korosho ghafi inayouzwa nje ya nchi. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi wakarudi nyumbani. Mashine zilikuwepo. Ghafi ndiyo iliyokuwa inaondoka.

Nyumba yako usiiguse.

Sasa tazama ulicho nacho wewe ambacho Vietnam hawana. Korosho iliyookotwa chini ya mti Oktoba, wewe unaibangua Novemba. Wao wakati huo wanamalizia ghafi iliyokaa ghalani tangu mavuno ya Afrika Magharibi, na ya kwetu bado iko baharini. Halafu angalia kalenda: mwaka 2026 na 2027, Ramadhani inaanza Februari. Huko Ghuba huo ndio wakati njugu zinapotafutwa kwa futari na kwa wageni wa Idi. Mnunuzi wako anajua hilo kuliko mimi na wewe.

Kwa hiyo mwandikie kwamba kontena huna, unayo tani moja ya W320, zao la Oktoba la mwaka huohuo, na mwezi wa mavuno utauandika kwenye boksi. Theluthi ya kilo 66 ni kilo 22 kwa siku. Tani moja ni siku 45 hivi. Ukianza mwanzoni mwa Novemba, unafunga mzigo Krismasi inapogonga hodi, na unausafirisha kwa kichele pamoja na mizigo ya wengine. Mtajie bei yenye faida yako ndani. Akikataa, hajakupotezea hata kilo moja.

Vipande usivione kama takataka. Wapika halua, waokaji na mahoteli ya Zanzibar wananunua vipande, na hao hawakulinganishi na Vietnam kila asubuhi. Tafuta wawili au watatu kabla ya msimu, kwa sababu fedha ya vipande ndiyo itakayolipa mishahara ya hao wanawake 14 wakati tani ya Dubai bado iko njiani.

Jambo moja nakuomba ulisimamie mwenyewe. Mwaka mmoja tulifunga maboksi siku ya mvua, milango wazi, kila mtu ana haraka. Kipimo cha unyevu kilikuwepo, kimefungiwa kabatini. Mzigo ulikataliwa ulikofika. Sampuli iliporudishwa nilichukua punje nikaivunja: haikulia, ilipinda kama nta. Korosho iliyokauka vizuri, chini ya asilimia 5 ya unyevu, inavunjika kwa mlio mkavu unaousikia upande wa pili wa meza. Pima kila kundi kabla ya kufunga, na siku ya mvua usifunge.

Benki usiifukuze, ila ibadilishie ombi. Waambie hutaki mashine, unataka mkopo wa msimu wa kununulia ghafi, na dhamana iwe hiyo ghafi yenyewe iliyoko ghalani. Nenda na hesabu hizi ukiwa umeziandika kwa mkono wako. Na uende kabla ya Septemba, foleni za wakubwa hazijaanza.