Tela la boti linalocheza mkia

Shekhe wangu, umeuliza kama chuma cha kuzuia myumbo kitalituliza tela lako la boti, linalocheza mkia ukishuka vilima vya barabara ya Chake kwenda Wete. Kitasaidia, lakini usianzie hapo. Boti yako ina mashine nyuma, kwa hiyo mdomo wa tela, pale mbele linapofungwa kwenye gari, unakuwa mwepesi, na tela la namna hiyo halitulii. Uweke mdomo juu ya mzani wa magunia ya karafuu, tela likiwa limesimama sawa: isome asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na boti, yaani kilo 100 hadi 150 kwa tani moja. Ikipungua, sogeza boti mbele, nanga na tangi la mafuta pia.

Chuma chenyewe hufungwa baina ya gari na tela, na kinazuia kwa msuguano. Tafadhali usikitie grisi wala oili hata tone. Ukitaka kurudi rivasi pwani kushusha boti, kivue kwanza, la sivyo kitapinda. Tela likianza kuyumba njiani, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na usikanyage breki kwa nguvu.