Kompyuta inatabiri, inabashiri au inakadiria bei ya hisa?

SWALI: Assalaam alaykum Maalim. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nipo Chake Chake. Naandika mradi kuhusu programu inayosoma habari za magazeti pamoja na bei za nyuma za hisa, kisha ikatoa bei ya kesho. Mwenzangu mmoja kaniambia niandike "inabashiri", mwengine "inatabiri". Lipi sahihi? Na "hisia za habari" ni Kiswahili kweli?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Yote mawili ni Kiswahili, lakini kwa kazi yako mimi ningeandika "inakadiria".

"Kubashiri" asili yake ni Kiarabu, na huko hubeba maana ya kuleta habari njema. Siku hizi limehamia kwenye mechi za mpira na mikeka ya kamari, na msomaji wako atadhani unamfundisha kucheza. "Kutabiri" nalo ni la Kiarabu. Lilihusu kufasiri ndoto. Sisemi ni kosa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri, na nahodha huusikiliza kabla hajatweka tanga. Lakini kwenye fedha bado linanukia ramli, na mtu akiamini mashine imeiona kesho, ataitia akiba yake yote humo. Hilo linanitia hofu.

"Kukadiria" kuna kadiri ndani yake, yaani kipimo. Programu yako hupewa bei zilizopita, hutafuta zinavyokwenda na habari, kisha hutoa nambari. Bei halisi ikitoka, kosa la nambari ile hupimwa. Hayo ni makadirio hasa.

Sasa hisia. Kwanza usichanganye na hisa: hisa ni fungu, hisia ni yanayopita moyoni, na kwa Kiarabu mizizi yake ni miwili mbali mbali. Pili, habari haina moyo. Andika "hisia zilizomo katika habari", au "mwelekeo wa habari" ukitaka ufupi.

Mashine inapotakiwa kuamua kama habari ni njema au mbaya, hapo ndipo lugha inapoishinda, na ningependa mradi wako ulikazie. Mkulima wa karafuu wa Wete akisikia "bei imepanda" hufurahi. Mnunuzi wa mchele Darajani akisikia maneno hayo hayo hukunja uso. "Hasara" ni neno baya, lakini "hasara imepungua" ni habari njema. Kwa Kiingereza, watafiti wa fedha Tim Loughran na Bill McDonald walionyesha mwaka 2011 kwamba karibu robo tatu ya maneno yanayohesabiwa mabaya katika orodha maarufu ya maneno ya Chuo Kikuu cha Harvard kwa kawaida hayana ubaya wowote katika taarifa za fedha. Kodi, gharama, deni: kwa mhasibu ni maneno ya kazi tu. Basi ukishughulikia hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, kwa habari za Kiswahili, usitafsiri orodha ya Kiingereza ukaridhika. Kaa na mtu wa biashara, mpitie neno moja moja ndani ya sentensi yake.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Programu iliyofunzwa kwa bei za nyuma na kwa mwelekeo wa habari hukadiria bei ya hisa ya siku inayofuata."