Kwenda India kwa ndugu ni rahisi, kazi iko kwenye kurudi

Mamangu ni mtu wa Mandvi, Kutch, kule Gujarat. Aliletwa Mombasa bibi harusi na mpaka leo akikasirika hukasirika kwa Kikutchi. Dadake mkubwa, sisi tunamwita masi, alibaki kule, na kila Idi akipiga simu ni wimbo ule ule, mtakuja lini, mtakuja nikishakufa? Basi mwaka jana Januari nkamchukua mume wangu na watoto wawili tukaenda wiki tatu. Tangu turudi watu wananiuliza mambo yale yale kwa WhatsApp, nimechoka kumjibu mmoja mmoja, sa naandika hapa mara moja.

Ntaanza na kurudi manake hapo ndipo tulipoumia.

Kwenda tulipanga vizuri. Kutoka Mumbai mpaka Bhuj tulipanda Kutch Express, inaondoka Bandra Terminus jioni asubuhi uko Bhuj, alafu Bhuj mpaka Mandvi ni kama kilomita 60 kwa gari. Tulikata mapema vitanda vinne vya 3AC, vile vya vitanda vitatu juu kwa juu na kiyoyozi, watoto wakapigania cha juu kabisa, tukalala. Ya kurudi tukasema aah, tutakata tukishafika. Usifanye hivyo ndugu yangu. Desemba na Januari Kutch inajaa watu waliotoka Uingereza na huku kwetu, wamekuja kuoza na kuoa, na vile vijiji vya karibu na Bhuj kama Madhapar ukisema umetoka Kenya hakuna anaeshangaa, utaulizwa tu Nairobi au Mombasa. Na wote hao wanarudi wiki moja ile ile.

Ajenti mmoja wa pale mjini akatupa tiketi imeandikwa WL na namba, akatuambia msijali itasogea. WL ni orodha ya kusubiri, mwenye tiketi akighairi wewe unasogea. Ukifika RAC angalau unaruhusiwa kuingia lakini mnakaa wawili kwenye kitanda kimoja cha pembeni, mnalala kwa zamu au mnakunja miguu. Ukibaki WL mpaka chati ya mwisho inatoka, yaani orodha ya abiria, tiketi uliyokata mtandaoni inajifuta yenyewe, pesa inarudishwa na wewe umesimama na mabegi yako. Sisi tulibaki WL. Ndege yetu ya Nairobi ilikuwa kesho yake usiku. Tukapanda basi la usiku mpaka Ahmedabad, zaidi ya kilomita 300, mtoto wa pili anatapika, alafu Ahmedabad tukakata ndege ya kwenda Mumbai kwa bei ambayo mume wangu mpaka leo hataki itajwe mbele za watu.

Kwa hivyo kata zote mbili siku moja. Treni zinafunguliwa siku 60 kabla, na akaunti ya kukatia inamsumbua mgeni, basi mpe binamu yako aliyeko huko akukatie, na jina aandike vile lilivyo kwenye paspoti sio lile la nyumbani. Iko pia Tatkal, tiketi za dharura, za mabehewa ya kiyoyozi zinafunguliwa saa nne asubuhi ya siku moja kabla ya safari, lakini zinaisha ukiwa bado unaandika jina. Hio usiitegemee. Na kati ya kushuka treni na kupanda ndege acha siku mbili Mumbai. Mbili, sio moja. Utalala Mumbai bila kazi, sawa, utakula, utaenda kununua viatu, lakini roho imetulia. Ila hoteli uliza kabla, ziko ndogo ndogo ambazo mgeni mwenye paspoti ya nje hazimchukui, manake wanatakiwa wakujazie fomu ya mgeni ndani ya saa 24 na wengine hawataki huo mzigo. Hata unapolala kwa ndugu, mwenye nyumba anatakiwa akuandikishe. Masi hakujua, mwanawe ndo alitufanyia.

Makaratasi mengine haraka haraka. Viza ya mtandaoni omba kwenye tovuti ya serikali yao inayoishia gov.in, ziko nyingi za kufanana nayo zinakula pesa. Kama mzazi wako au babu yako alikuwa raia wa India ulizia kadi ya OCI, ile ya wenye asili ya India, ukiipata huombi viza tena. Na ile kadi ya manjano ya homa ya manjano, kwa sie tunaotoka Kenya, usiiache nyumbani. Sindano iwe imepigwa siku 10 au zaidi kabla hujafika, la sivyo wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, yaani umeenda kumuona masi unamuonea dirishani. Ukishachanjwa mara moja inatosha maisha yako yote.

Pesa. Sisi wa M-Pesa tunajiona tumefika mbali, nenda ukaone kule. Muuza mboga chini ya mwembe ana karatasi ya kuskan kwa simu ulipe, muuza chai ana karatasi ya kuskan, hata yule wa dabeli, mkate wa viazi vya viungo. Lakini mgeni kuunganishwa na huo mfumo sio kazi ya siku moja, kwa hivyo tembea na noti, na noti ndogo. Mamangu alinipa bahasha ya rupia alizobakisha safari yake ya 2009, noti za 500 mpya kabisa amezikunja ndani ya Yasin, ati nimpe dadake. Zilifutwa Novemba 2016! Masi akacheka mpaka akakaa chini, alafu akazichukua vile vile akazitia kabatini.

Sa hapa kwenye majina ndo watoto wangu walichanganyikiwa. Kule mjomba wako, ndugu ya mamako, anaitwa mama. Si utani. Nlimwambia binti yangu, mama anakuja kutuchukua stesheni, akaniangalia akaniuliza, mama si ni wewe? Akaja mzee na masharubu yake. Kaka ni ba'mdogo, yaani ndugu ya babako, na dada ndo babu mzaa baba, kwa hivyo mwanangu wa kiume alipomuita kaka jirani wa miaka sabini, kwa nia ya utani wa Mombasa, alisifiwa mtaa mzima kuwa mtoto ana adabu. Wafundisheni watoto kabla hamjaondoka, itawapunguzia kelele. Ila maneno mengine yako karibu vile vile, chai, chapati, gari, achari, kachumbari, dobi, rangi. Yule jirani aliishi Mombasa ujanani, anasema sufuria na fagio katikati ya Kikutchi na hajui tena kama ni Kiswahili.

Na msipange kutembea sana. Mume wangu alitoka Mombasa na orodha yake, Rann, lile jangwa la chumvi, sijui kasri gani, nkamwambia utaona. Kwa ndugu siku inaliwa na chakula. Asubuhi kwa masi, mchana kwa mama, yaani mjomba, jioni kwa mtu ambae hujui mna undugu gani lakini ukikataa umemtukana. Cha maana tulichokiona ni pale mto Rukmavati, majahazi ya mbao bado yanaundwa, makubwa kama nyumba, na mjomba akatuonyesha mahali ambapo babake mamake alikuwa akipakia. Alikuwa nahodha, anashuka na kaskazi mpaka Mombasa, anangojea kusi ndio arudi. Miezi. Mimi kutoka Mumbai mpaka Nairobi ni kama masaa sita na bado nilichelewa karibu niikose ndege.

Haya, mzigo. Nunueni ule mzani mdogo wa kuning'iniza begi, manake usiku wa mwisho kila mtu ataleta kitu na huwezi kukataa. Wekeni begi moja tupu tangu Mombasa kwa kazi hio. Nazi kavu hawaruhusu hata kwenye begi la chini, wanasema mafuta yake yanashika moto. Masi alinipa kilo mbili za nazi kavu. Nazi, nizipeleke Mombasa! Zikabaki uwanjani. Samli na achari zisiingie begi la mkononi, zitachukuliwa. Na vitu usivifunge kwa mifuko ya plastiki ile ya kubebea, Kenya imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, fungeni kwa leso.

Na jambo jingine, uwanja wa ndege wa kule asie na tiketi haingii ndani. Mlangoni pana askari anaangalia paspoti na tiketi, basi kwaheri zote zinamalizikia nje kwenye kelele za teksi. Binamu yangu anaekaa Mumbai alidhani atatusindikiza mpaka kwenye mizani, akaachwa mlangoni ameshika begi letu moja, ikabidi nitoke tena nje mbio. Agana nyumbani. Mimi na masi tuliagana Mandvi, mlangoni kwake, na alikataa kulia mpaka gari likapinda kona, mjomba ndo aliniambia baadae.

Tumefika Mombasa saa nne usiku. Kule ni saa sita na nusu, wametutangulia masaa mawili na nusu, nkasema analala huyu ntampigia asubuhi. Mamangu akanifokea, piga sasa. Simu haikuita hata mara mbili. Hakuuliza ndege ilikuaje wala watoto, aliuliza achari imemwagika? Nkamwambia haijamwagika, masi. Wakati huo mume wangu yuko uani anafua begi.